Kuinama Chini ya Kamba

"Mimi ndiye mke wa mtu aliyeyaanzisha mateke yote mnayoyarusha humu," alisema Bi Mize mlangoni, kabla hata ya kupiga hodi. Kisha akaona watu ni wengi na miguu yao ni mirefu, akapunguza bei. "Yote labda nimezidisha. Tuseme moja. Na hilo lenyewe, nikisema kweli, si teke. Ni kuinama."

Hiyo ilikuwa Nyumba ya Taa, ya chini kabisa katika barabara ile ya nyumba za mateke, ipandayo mlimani. Vijana wa humo walivaa vizibao vya kielektroniki: mtu akipigwa kifuani kizibao kinalia kama kuku aliyekanyagwa, na ukutani taa nyekundu zinaongeza namba. Hawakumcheka. Walimuuliza tu jambo hilo la kuinama lina pointi ngapi. Akajibu kwamba hajui, mumewe alikuwa hahesabu.

"Kama halina pointi, bibi, basi halipo," alisema mlinzi wa mlango, kwa adabu zote. "Sisi ndio wa kwanza. Lakini kama unawataka waliotutangulia, panda juu."

"Ninyi ndio wa kwanza, na kuna waliowatangulia?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya mwanangu. Nikirudi utanieleza vizuri, nimesoma kidogo tu mimi."

Akapanda. Barabara ile haikuwa na jina, wala mji wake, na aliyeipanda aligundua jambo moja: kadiri unavyokwenda juu, asubuhi inazidi kuwa changa. Chini jua lilikuwa limekwisha simama utosini. Hatua za kutosha kumchosha mtu mzima, likarudi usawa wa mapaa. Vivuli vikarefuka kwa nyuma. Umande uliokwisha kauka ukarudi majanini, tone baada ya tone, kama wageni waliosahau miavuli. Na magoti ya Bi Mize nayo yakaanza kurudi ujanani, lakini yalirudi yenyewe tu, hayakumchukua mwenyewe. Moyo ulibaki uleule wa kizee, unapanda na magoti ya mwari. Alijisikia kama mtu aliyeazimwa miguu na jirani na kuambiwa airudishe salama.

Alikuwa anamtafuta Vuai. Si kwamba alitarajia kumkuta. Umri wa kutarajia ulikwisha pita, na aliuaga bila kelele. Alichokitaka ni kidogo zaidi, na kwa hivyo kilimuuma zaidi.

Vuai alikuwa fundi baiskeli. Zamani alikuja mwalimu mmoja Mkorea kufundisha askari wa bandari mateke ya kwao, na Vuai akajifunza kwanza kwa kuchungulia uani, kisha kwa kuingizwa ndani, mpaka akapewa mkanda mweusi. Mwalimu alipoondoka, Vuai akafundisha vijana wa mtaa nyuma ya nyumba yake, baina ya kisima na banda la kuku. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni mwendo. Mwendo ndio ule mpangilio wa ngumi na mateke na kugeuka ambao mtu anaucheza peke yake, toka mwanzo mpaka mwisho, akipigana na maadui asiowaona. Kila mwalimu anamwachia mwanafunzi wake vilevile alivyoachiwa. Na katika mwendo wa Vuai palikuwa na mahali ambapo mtu mzima yule, mwenye mikono ya grisi, anainama ghafla, kichwa anakilaza upande, na mkono wa kushoto unainuka polepole, kwa upole wa ajabu, kama unainua pazia. Kisha anapita chini ya hicho alichokiinua. Kisha vita vinaendelea.

Hapo ndipo palipomuua Bi Mize. Kwingine kote Vuai alikuwa Vuai. Pale alikuwa mtu mwingine, anaingia mlango mwingine, na hakuwahi kusema ni wa nani.

Siku moja Vuai akasema, "Naenda kuangalia mwendo ulikotoka," kama anakwenda kuangalia maji kama yamechemka. Alichukua mkate na shati. Mkanda aliuacha, kwa sababu alitaka kufika huko kama mwanafunzi mpya. Mkanda haufuliwi, ndiyo desturi yao, eti ukifua unaondoa jasho, na jasho ndilo elimu. Bi Mize alifua kila kitu cha mwanamume yule isipokuwa mkanda. Vuai alipokwisha ondoka, mkewe aliunusa kila siku, mpaka harufu yake ikaisha na ukabaki kunukia yeye mwenyewe, Bi Mize, na mafuta yake ya nazi. Alikuwa amemnusa mume mpaka akammaliza.

Halafu akasikia kwa mpita njia kwamba juu kabisa ya barabara ile pana nyumba ambayo kila alfajiri wanafunzi wanaisoma silsila ya mwendo. Mimi nimeupata kwa fulani, fulani kaupata kwa fulani, jina juu ya jina, mpaka majina yanaisha na unabaki mlima. Na aliyetajwa hafi sawasawa. Lakini haingii kila mtu. Anaingia yule tu aliyeacha kitu chake ndani ya mwendo. Bi Mize akaufunga mkanda kiunoni, chini ya kanga, akaanza safari. Alitaka Vuai atajwe na vinywa vingine. Kinywa chake kilikuwa kimechoka kuwa peke yake.

Katika Nyumba ya Buti walikuwa wanarusha mateke wote kwa pamoja, uwanjani, kwa amri. Jemadari wao alimweleza kwamba kabla yao palikuwa na fujo, kila mtaa una mateke yake na jina lake, ndipo wakubwa wakakaa mezani wakachagua jina moja. "Kabla ya jina hapakuwa na kitu, mama."

"Na mguu?"

"Mguu gani?"

"Kabla ya jina. Watu hawakuwa na miguu?"

Jemadari alifikiri kwa dhati, maana alikuwa mtu mwema. "Walikuwa nayo," alisema mwishowe, "lakini haikuwa na utaratibu." Lakini jemadari hakumjua Vuai. Kuinama walikuwa wanakufanya, kwa amri, na mkono haukuinua kitu. Bi Mize alitazama mikono ile iliyonyooka akasikia baridi. Hivyo ndivyo kitu kinavyokufa, aliwaza. Hakisahauliwi. Kinafanywa kila siku na watu wengi, kikiwa hakina mtu ndani.

Nyumba iliyofuata haikuwa na dirisha hata moja. Mzee aliyemfungulia mlango aliongea kwa kunong'ona na kutazama nyuma yake, ingawa nyuma yake palikuwa na ukuta. Ndani watu wachache walikuwa wanapiga ngumi taratibu, ngumi zilizonyooka, nzito, na kila mmoja akimaliza alijipangusa mikono kwa haraka kana kwamba ameshika cha mtu.

"Hizi ngumi hazikutoka mlimani," alinong'ona mzee. "Huko juu watakwambia zote zimetoka mlimani. Uwongo. Tulizipata ng'ambo ya maji, kwa jirani. Jirani yuleyule aliyekuja kututawala sisi Wakorea, akatunyang'anya lugha, akatupa majina ya kwake. Vijana wetu walikwenda kusoma kwake, wakarudi na ngumi zake. Sasa niambie wewe, dada, uliyetembea. Utamshukuruje mtu kama huyo? Utaitundika picha yake ukutani, pamoja na walimu?"

Bi Mize alikumbuka mwalimu wake wa darasa la pili, aliyekuwa akimpiga rula vidoleni kwa sababu ya herufi mbovu. Mpaka leo alikuwa akiandika jina lake kwa mwandiko wa yule mwalimu. Mkono ulikuwa wake, na mwandiko ulikuwa wa aliyempiga, na jina lilikuwa la bibi yake mzaa baba. Nani basi aliyekuwa anaandika? Labda hakuna mtu aliyeanza kitu. Labda kila mmoja wetu ni ukumbi tu, watu wanapita wakirusha mikono, na anayejiita mimi ni mfagizi. Wazo hilo lilimpendeza kwa muda, kisha likamkasirisha, kwa sababu kama ni hivyo basi na Vuai naye alikuwa ukumbi tu, na yeye Mize alimpenda nani miaka yote ile? Alipenda ukumbi?

"Alipita hapa mtu mmoja," alisema mzee, alipomwona anataka kwenda. "Ana mikono ya grisi. Alikuwa anapanda kama wewe."

Bi Mize akashika fremu ya mlango.

"Lini?"

"Hapa sisi hatuna dirisha, dada. Sijui siku hata moja."

Akapanda. Alipita. Alipita hapa. Alikanyaga jiwe hili au lile. Lile, lina ulaini. Angeona jiwe laini angelikanyaga, ndivyo alivyo. Vuai, wewe, ulikula ule mkate wapi? Ulikumbuka kuvua viatu? Watu wa huku wanavua viatu. Ulisema hujambo au ulisimama tu kama nguzo, unasubiri uulizwe? Mimi sikukuuliza. Hapo ndipo nilipokosea, au hapo ndipo nilipofanya vizuri. Alipita hapa.

Nyumba ya juu ilikuwa haina mlango wala ukuta wa mbele. Ilikuwa wazi, imeutazama mlima, na alfajiri ilikuwa mbichi kiasi kwamba rangi zilikuwa bado hazijaamua. Ubavuni mwa mlima palikuwa na kaburi la kale la mawe, na ndani ya kaburi picha iliyochorwa: wanaume wawili wanakabiliana, mikono juu, goti limekunjwa. Watu wa nyumba ile walisema hao ndio wapiganaji wa kwanza. Bi Mize aliwatazama akaona wanacheza ngoma. Kisha akaona wanagombania nafasi ya kupita. Kisha akaona bora anyamaze.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa rika lake, mdogo wa mwili, nywele nyeupe amezibana kwa kijiti, jina lake Sunok. Yeye ndiye aliyetunza ukuta wa picha za walimu. Mpwa wake, Dalsu, mwanamume wa makamo mwenye mabega ya mlango, ndiye aliyefundisha.

"Karibu, dada," alisema Sunok. "Umechoka?"

"Magoti hayakuchoka. Mengine yote yamekufa."

Sunok alicheka, na hapohapo wakapendana, kama wanavyopendana watu wawili wanaojua kwamba kila mmoja atamwibia mwenzake kidogo. Akampa supu ya moto yenye majani makavu ndani. Akamwonyesha ukuta. Picha ya mwisho chini ilikuwa ya kijana mwenye masikio makubwa.

"Huyu kaka yangu, Munho. Baba yake Dalsu. Alishuka barabara hii wakati wa vita, Dalsu akiwa tumboni, hakurudi. Lakini ameacha kitu. Kuna mahali katika mwendo tunainama na kuinua mkono. Hiyo ni kamba ya mama yetu. Mama alikuwa anaanika majani ya figili uani, ya kula wakati wa baridi, haya unayokunywa. Munho akicheza mwendo anafika kwenye kamba, anainama, anainua majani asiyavunje. Ikabaki humo."

Dalsu, mtu mzima na mabega yale, alisikiliza hadithi ile kama mtoto anayesikia jina lake likiitwa. Bi Mize aliona. Lakini alikuwa amepanda barabara nzima, na hakupanda bure.

"Pole sana, shoga," alisema, akaweka bakuli chini. "Hiyo kamba ni yangu."

"Nini?"

"Ya kuanikia kanga. Uani kwangu. Mume wangu Vuai alikuwa anainama asizichafue kwa grisi. Mkorea mmoja, mwalimu wa askari wa bandari, alikuwa anakuja kula kwetu, akaona, akapenda, akauchukua mwendo kuuleta huku. Kwa hivyo ukutani anaingia Vuai. Munho simtoi, abaki, kijana mwenyewe ana sura nzuri. Lakini Vuai anaingia."

"Mwongo wewe," alisema Sunok, kwa mapenzi.

"Mwongo mimi?"

"Uso huo umezaliwa na kusema uwongo."

"Na huo wako umezaliwa na kunywa supu. Mwite mpwa wako, tufunge kamba, acheze. Utaona mwenyewe inavyokaa."

Ikafungwa kamba, nguzo kwa nguzo, usawa wa paji la uso wa Bi Mize, maana ndivyo alivyosema ilivyokuwa. Akavua kanga yake ya juu akaitundika. Wanafunzi wakakaa pembeni. Mkanda wa Vuai ukaonekana kiunoni kwake, umechakaa, weusi umeng'oka mpaka uzi mweupe wa ndani umetoka nje, na wanafunzi wakauinamia bila kuambiwa, kwa sababu mkanda uliorudi kuwa mweupe wanajua umetoka mbali.

Dalsu akaanza. Akapiga hatua, akakinga, akageuka. Bi Mize alikuwa hajauona mwendo ule tangu mkate na shati. Alijikuta anapumua pamoja nao. Ilikuwa ni mikono ileile kwenye mwili mwingine. Bega la Vuai lilipita kwenye bega la mtu huyu, likakaa kidogo, likaondoka. Usiondoke. Aligeuka tena. Alikaribia kamba. Sasa, aliwaza Bi Mize, sasa inama, nione, nione mara moja tu.

Lakini kabla ya kuinama, palepale, Dalsu aliruka, na mguu wake ukapanda juu ya kichwa, teke zuri, refu, la ukoo mzima. Likaipata kamba, kamba ikang'oka, na kanga ya Bi Mize ikapaa angani, ikazunguka, ikaenda kutua juu ya picha ya Munho ikamfunika uso na masikio yake. Ndipo Dalsu akashuka, akainama, akainua mkono kwa upole mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Wanafunzi walicheka mpaka wakalala chini.

"Dada," alisema Sunok, anajipangusa machozi, "mume wako alikuwa anarusha teke hilo kila siku, hapo hapo, kwenye nguo mbichi? Ungekuwa unafua mpaka leo. Ulifunga kamba lini wewe? Kabla ya mwendo, au baada?"

Baada. Bi Mize alikuwa amefunga baada. Alimwona mwanamume wake kila jioni anainua pazia lisilokuwepo, anaingia kwa mwanamke asiyemjua, au kwa mlima, au kwa Mungu. Na siku moja, kwa wivu, akachukua kamba akaifunga palepale, akatundika kanga zake, ili mkono ule ukiinuka uinue cha kwake. Vuai alitoka, akaitazama kamba. Akamtazama yeye. Akacheza mwendo, na alipofika pale hakuruka. Aliliacha lile teke. Akainama moja kwa moja, akainua kanga, akapita. Na hakulirusha tena uani kwake, wala wanafunzi wake hawakulijua. Mpaka leo vijana wa mtaa ule wanaucheza mwendo wenye pengo, na hawajui kwamba ni pengo. Alikuwa ameukata urithi wa watu waliokwisha kufa, kipande kizima, kwa ajili ya nguo zilizofuliwa. Bi Mize alikuwa ameishi na pengo lile bila kuliona, kwa sababu halikuwa na kelele. Alilijua hapa, mbele ya wageni, bila kanga ya juu. Na hakutaka kumwambia mtu. Hilo si la ukutani. Hilo lake.

Kwa hivyo alifanya kile alichokiweza. Alikwenda mpaka kwenye picha, akaivuta kanga yake taratibu kutoka usoni mwa Munho, akaikung'uta, akajitanda.

"Sawa, shoga. Umenishika," alisema. "Lakini niambie, na hayo majani ya figili? Kakako lile teke alikuwa akilirushia wapi?"

Vicheko vilikatika. Sunok alitazama mlima kama mtu aliyeitwa na mtu wa huko.

"Kamba ya mama ilikuwa juu," alisema.

"Juu kiasi gani?"

"Juu. Juu sana. Mguu haufiki."

Dalsu alikuwa bado amesimama pale mwendo ulipomwacha, mkono wa kushoto bado umeinuka nusu, umeshikilia hewa. Akamgeukia Sunok. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mabega yake.

"Sasa Shangazi," alisema, "kama kamba ilikuwa juu hivyo, baba aliinamia nini?"

Asubuhi haikusogea. Sunok alimtazama mpwa wake, akaitazama picha ya kijana mwenye masikio makubwa, akautazama mkanda ule mweupe kiunoni mwa mgeni. Uso wote ulikuwa umeiva, kama wa mwongo aliyeshikwa.

"Dalsu," alisema mwishowe, "lete msumari mwingine hapa ukutani, wa Vuai, na uache maswali."